Fildi ya Mwanahisabati: Kutoka Mlimani hadi Kipawa

Kata ya Kipawa, katika wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam, imepakana na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na iko kandokando ya barabara iliyojulikana kwa miaka mingi kama Barabara ya Pugu, ambayo leo huitwa Barabara ya Nyerere na ambayo tangu miaka ya mwisho ya ukoloni imekuwa njia kuu ya viwanda vya jiji. Kila mwaka, mitihani inapomalizika vyuoni, ukanda huu hupokea vijana wenye bahasha za kaki mikononi, na ndani ya kila bahasha mna barua ya chuo yenye mhuri, inayomwomba mwajiri ampokee mwanafunzi kwa majuma kadhaa ya mafunzo kwa vitendo, yaani kipindi ambacho mwanafunzi hufanya kazi nje ya chuo chini ya msimamizi, huandika alichokifanya, hupimwa, na matokeo yake huingia katika hesabu ya shahada yake. Wanafunzi wenyewe hukiita kipindi hicho fildi. Kwa mwanafunzi wa uhandisi fildi ni desturi yenye umri wa nusu karne, lakini kwa mwanafunzi wa hisabati ilichelewa sana kufika, na sababu za kuchelewa kwake zinaeleza mengi kuhusu namna nchi ilivyoielewa hisabati yenyewe.

Elimu ya chuo kikuu ilianza Tanganyika mwezi Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU lililoko Mtaa wa Lumumba, kwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London kilichokuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1963 chuo hicho kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikahamia Mlimani, na mwaka 1965 kikafungua Kitivo cha Sayansi, ambamo hisabati ilipata makao yake. Utaratibu uliorithiwa kutoka London uliipima elimu kwa mtihani wa maandishi, na kwa sehemu kubwa kwa mtihani wa mwisho, hivyo shahada ilikuwa kitu kizima ambacho mtu alikipata au alikikosa kwa daraja fulani. Katika utaratibu wa namna hiyo, kazi iliyofanywa nje ya chuo, hata kama ilikuwa ya thamani kubwa, haikuwa na sarafu ya kulipiwa, kwa kuwa shahada haikugawanywa katika vipande vidogo ambavyo kimojawapo kingeweza kutolewa kwa kazi hiyo.

Marekani ilikuwa imeshika njia nyingine mapema zaidi. Vyuo vya huko viliigawa shahada katika vipimo vidogo vinavyoitwa krediti, ambavyo kila kimoja kinawakilisha kiasi fulani cha saa za kusoma, na mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Herman Schneider alianzisha mpango wa wanafunzi wa uhandisi kupokezana zamu kati ya darasa na kiwanda. Miaka 51 baadaye wazo hilo lilivuka mpaka na kuingia Kanada, ambako Chuo Kikuu cha Waterloo kilifunguliwa mwaka 1957 kikiwa na mpango huo tangu siku zake za kwanza, na mwaka 1967 kikaunda kitivo kizima cha hisabati ambacho wanafunzi wake wengi hupokezana mihula ya masomo na mihula ya kazi katika kampuni za bima, benki na kompyuta. Mfano wa Waterloo una uzito wa pekee kwa sababu ulithibitisha kwamba mwanahisabati anaweza kupelekwa kazini akiwa mwanahisabati, bila ya kulazimika kwanza kujiita mhandisi au mhasibu.

Dar es Salaam ya miaka ya 1960 haikuwa na nafasi ya kufikiri hivyo, na si haki kuilaumu. Nchi ilipata uhuru ikiwa na wahitimu wachache mno, shule za sekondari zilikuwa zinafunguliwa haraka kuliko walimu walivyopatikana, na wanafunzi waliosomeshwa kwa fedha za serikali walifungwa na mkataba wa kulitumikia taifa baada ya kuhitimu. Mwanafunzi wa hisabati alikuwa, kwa macho ya wapangaji wa nguvukazi, mwalimu wa hisabati ambaye bado hajafika shuleni. Kwa hiyo mafunzo ya kwanza ya kazi yaliyotambuliwa rasmi kwa wasomaji wa hisabati yalikuwa mazoezi ya kufundisha, ambayo wanafunzi wanaochanganya sayansi na elimu huyafanya katika shule za sekondari: mwanachuo huandaa azimio la kazi la muhula na andalio la somo la kila kipindi, husimama mbele ya darasa halisi, na mhadhiri kutoka chuoni huketi dawati la nyuma akiandika alama kwa kila hatua ya somo.

Mazoezi hayo yanastahili kupewa heshima yake katika historia hii, kwa sababu yalitimiza mapema masharti yote ambayo leo hutakiwa kwa kozi ya nje yenye krediti. Kazi ilikuwa halisi, muda wake ulijulikana, msimamizi wa chuo na mwalimu mwenyeji walishirikiana, na aliyepima alikuwa na ujuzi wa kitu alichokuwa anakipima. Utaratibu huo ungalipo, na mojawapo ya vituo vyake vikubwa hakiko mbali na Kipawa: Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, kinachojulikana kwa kifupi kama DUCE, kilianzishwa mwaka 2005 Chang'ombe, wilayani Temeke, penye majengo ya chuo cha ualimu cha zamani, na wanafunzi wake wa hisabati husambazwa mashuleni kila mwaka. Hata hivyo mafanikio ya mazoezi ya kufundisha yalijenga pia mazoea ya kuona kwamba nje ya ubao wa darasani mwanahisabati hana pengine pa kwenda.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na wahandisi. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na Mlimani pakawa makao ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo na Pius Msekwa akiwa Makamu wake, na mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Kitivo hicho kilijengwa juu ya msingi kwamba mhandisi hawezi kukamilika chuoni, kwa hiyo mafunzo ya viwandani yaliwekwa ndani ya mtaala wenyewe, mwanafunzi akienda kiwandani mara kadhaa kabla ya kuhitimu, kwanza akishika nyundo na tupa pamoja na mafundi, baadaye akifanya kazi za usimamizi na usanifu. Ukanda wa Barabara ya Pugu ulikuwa tayari kuwapokea: kiwanda cha bati cha ALAF kilikuwepo tangu 1960, reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilianzia katika ukanda huohuo, na viwanda vya nguo vilisambaa kuelekea Gongo la Mboto.

Mwaka mmoja baada ya uhandisi kuanza, siasa ya nchi nayo ililigusa suala hilo kwa mkono mzito. Azimio la Musoma, lililopitishwa na chama cha TANU Novemba 1974, lilifuta njia ya moja kwa moja kutoka kidato cha sita hadi chuo kikuu, likataka kila mwombaji awe amefanya kazi kwa angalau miaka 2 na awe amependekezwa na mahali pake pa kazi pamoja na chama. Azimio hilo lilikuwa mwendelezo wa waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba kisomo kisichopitia kazini huzaa msomi anayejitenga na watu wake. Kwa hisabati matokeo yake yalikuwa na pande mbili. Upande mmoja, darasa lilijaa watu waliokwisha kuona hesabu za benki, za bohari na za shamba la mkonge, na mwalimu mwenye busara aliweza kuwatumia. Upande wa pili, hisabati ni somo linalodai mwendelezo, na mtu aliyekaa miaka kadhaa bila ya kushika kalkulasi hurudi akiwa amepoteza mengi, jambo ambalo walimu wa sayansi walilihisi haraka. Masharti ya Musoma yalilegezwa hatua kwa hatua na hatimaye yakaachwa. Yalikuwa yameitambua kazi iliyotangulia masomo, lakini hayakutoa namna ya kuhesabu kazi inayofanywa ndani ya masomo, na mambo hayo mawili hayapaswi kuchanganywa.

Katika miaka hiyohiyo mlango mwingine ulifungwa. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya matumizi ya mashine hizo kuleta hasara na vurugu katika hesabu zake, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Mahali ambapo katika nchi nyingine palikuwa kazini kwa wahitimu wa hisabati, yaani chumba cha kompyuta cha benki, cha shirika la ndege au cha kiwanda, hapa palibaki padogo sana kwa kizazi kizima.

Hata hivyo hisabati tumizi haikukosa watu. Karim Hirji, aliyehitimu Mlimani mwaka 1971 katika hisabati na elimu, alikwenda London kusomea utafiti wa operesheni, taaluma inayotumia hisabati kutafuta njia bora ya kupanga kazi kama vile ratiba za magari, foleni na bohari. Aliporudi alifundisha hisabati Mlimani, baadaye akafundisha katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoanzishwa mwaka 1975 huko Mabibo, na mwishowe akawa profesa wa takwimu za tiba. Safari yake ya kazi inaonyesha kitu ambacho mtaala wa wakati wake haukukionyesha: kwamba kati ya ubao wa hisabati na kituo cha mabasi kuna njia inayopitika, ila mtu aliipita akiwa ameshahitimu, kwa jitihada yake, na si kama sehemu ya masomo yake. Wanatakwimu walikuwa na bahati kidogo zaidi, kwa kuwa sensa za 1967, 1978 na 1988 zilihitaji watu wa kuhesabu, kuhakiki na kukadiria, na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichopo Changanyikeni na kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kiliwafundisha wanafunzi wake wakijua kwamba wataishia kwenye madodoso na vijiji.

Ili kuelewa kile ambacho mwanafunzi wa hisabati alikikosa, inafaa kutazama kwa karibu kazi moja inayofanyika Kipawa kila siku. Uwanja wa ndege, ulioanza kutumika mahali ulipo sasa katika miaka ya 1950, ulipata jengo la pili la abiria mwaka 1984 na la tatu mwaka 2019, hili la mwisho likiwa limekusudiwa abiria milioni 6 kwa mwaka. Kabla ya ndege kuondoka, ofisa wa mizigo huandaa karatasi ya mizani, ambamo kila uzito, wa ndege tupu, wa abiria wa safu za mbele, wa safu za nyuma, wa mizigo ya kila chumba cha chini na wa mafuta, huzidishwa kwa umbali wake kutoka alama maalumu ya kuanzia kupimia iliyowekwa na mtengenezaji, kisha mazao yote hujumlishwa na kugawanywa kwa uzito wote. Jibu ni mahali pa kitovu cha uzito, na kitovu hicho kikitoka nje ya mipaka iliyowekwa, ndege hairuki mpaka mizigo ipangwe upya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa hisabati anaitambua kanuni hiyo mara moja, kwa kuwa ni wastani wenye uzani, yaani wastani ambamo kila kipimo huhesabiwa kwa kadiri ya uzito wake. Asichokijua ni kwamba abiria hapimwi bali hukadiriwa kwa uzito wa kawaida uliokubaliwa, na kwamba swali la kweli la kihisabati limejificha hapo: kadirio hilo linakosea kiasi gani ndege inapokuwa ndogo na abiria wake wakiwa 12 tu badala ya 160?

Foleni ya ukaguzi katika jengo hilohilo nayo ina historia ndefu. Nadharia ya foleni ilizaliwa katika kampuni ya simu ya Copenhagen, ambako mwanahisabati Mdenmaki A. K. Erlang alichapisha mwaka 1909 utafiti wake kuhusu simu zinazoingia kwa bahati nasibu, na mwaka 1961, mwaka uleule wa kufunguliwa kwa chuo cha Mtaa wa Lumumba, John Little wa Marekani alitoa uthibitisho wa kanuni fupi isemayo kwamba wastani wa watu waliomo katika mfumo ni sawa na kasi ya kuingia kwao mara wastani wa muda wanaokaa. Kama abiria 300 huingia kwa saa na kila mmoja hukaa nusu saa, basi ndani wamo watu 150 kwa wastani, na ukumbi uliojengwa kwa watu 100 utafurika hata kama wafanyakazi wake ni hodari. Kanuni hii haidai mashine, inadai mtu wa kusimama mlangoni na saa na daftari, kazi ambayo mwanafunzi wa fildi anaiweza vizuri kabisa.

Vivyo hivyo katika bati. Mnunuzi wa Dar es Salaam anajua tofauti ya geji 28 na geji 30, na anajua kwamba namba ikipanda bati linapungua unene, lakini kiwanda hakiwezi kupima kila bati, hupima sampuli chache na kuamua kuhusu shehena nzima. Hisabati ya sampuli chache ilitoka kiwandani na siyo chuoni: William Gosset, aliyesoma hisabati na kemia Oxford, aliajiriwa mwaka 1899 na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, na tatizo la kuamua kwa vipimo vichache ndilo lililomfikisha kwenye jaribio aliloandika mwaka 1908 kwa jina la bandia la Student. Kabla ya hapo mwajiri wake alikuwa amemruhusu kukaa kwa muda London kwa Karl Pearson ili ajifunze takwimu, yaani kazi ndiyo iliyompeleka chuoni. Wanafunzi wa Mlimani wamefundishwa jaribio hilo kwa vizazi, na wengi wao wamelijua kama jedwali la nyuma ya kitabu.

Milango ya kazini ilianza kufunguka kwa sababu za kiuchumi, na siyo kwa sababu idara za hisabati zilipiga kelele. Kuanzia mwaka 1967 bima na benki zilikuwa mikononi mwa umma, na Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa mwaka 1963, lilibaki peke yake katika soko hadi sheria ya mwaka 1996 ilipoanza kuruhusu kampuni binafsi. Kampuni nyingi zinaposhindana, kila moja inalazimika kujua kwa uhakika bei ya hatari inayoinunua, na hapo ndipo aktuaria anapohitajika, yaani mtaalamu anayetumia nadharia ya uwezekano na majedwali ya vifo kukadiria madai ya bima na pensheni ya miaka ijayo. Mifuko ya hifadhi ya jamii nayo, ambayo ya watumishi wa umma iliunganishwa mwaka 2018, haiwezi kujua kama itawalipa wastaafu wake bila ya tathmini ya namna hiyo. Vyuo, vikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, vilianzisha shahada za aktuaria, na kwa mara ya kwanza mwanafunzi anayesoma hisabati kwa wingi alikuwa na jina la kazi la kumtajia mtu wa mapokezi. Wakati huohuo, kwa upande wa viwanda, ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulifunga baadhi ya milango ya Barabara ya Nyerere na kuwaacha wenye viwanda wapya wakijiuliza kwa nini wampokee mwanafunzi asiyezalisha.

Wakazi wa Kipawa wenyewe walikuwa na sababu ya kutamani wahesabuji zaidi. Familia zilizotakiwa kuhama ili kupisha upanuzi wa uwanja zilifanyiwa tathmini ya mali zao mwishoni mwa miaka ya 1990, na malipo yakachukua miaka mingi kuwafikia, katika nchi ambamo bei ya saruji na ya kiwanja haikungoja. Thamani ya shilingi iliyocheleweshwa ni swali la hisabati ya fedha ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili hulifanya darasani kwa namba za kubuni, na ni masikitiko kwamba hakukuwa na desturi ya kumpeleka akalifanye kwa namba za majirani.

Chombo kilichokosekana tangu enzi ya London kilipatikana hatimaye. Masomo yaligawanywa kwa mihula na yuniti, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 ikaunda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo ilisanifisha vipimo kwa nchi nzima: krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikijumlishwa saa za darasani na za kujisomea, na shahada ya kwanza ya miaka 3 inahitaji angalau krediti 360. Tangu hapo fildi iliweza kuandikwa katika orodha ya kozi kama kozi nyingine yoyote. Lakini hesabu yake haijakaa sawa. Majuma 8 ya siku 5 kwa saa 8 ni saa 320, ambazo kwa kipimo cha TCU zingekuwa krediti 32, zaidi ya robo ya krediti 120 za mwaka mzima, ilhali ni kawaida kwa programu kuipa fildi uzito wa kozi moja tu. Wapo wanaoitetea tofauti hiyo kwa kusema kwamba si kila saa ya kazini ni saa ya kujifunza, na hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwa sababu mwanafunzi anayeagizwa kutoa vivuli vya nyaraka kwa siku nzima haongezi chochote. Hata hivyo jibu la haki lingekuwa kuhakikisha kwamba saa hizo zinatumika vizuri kuliko kuzikata thamani zote kwa pamoja.

Fedha nazo zina sehemu yake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, iliyaweka mafunzo kwa vitendo miongoni mwa vipengele vya mkopo, pamoja na ada, chakula na malazi, na vitabu. Hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa kijana anayetoka Mbagala au Tandika kwenda Kipawa kila asubuhi kwa daladala mbili, kwa kuwa waajiri wengi hawamlipi mwanafunzi wa fildi hata nauli. Pia iliifanya nafasi ya fildi katika mtaala kuwa suala la fedha na siyo la elimu peke yake: mwanafunzi ambaye programu yake haina fildi hana kipengele hicho, na akitaka kwenda kazini wakati wa likizo huenda kwa gharama yake na harudi na krediti yoyote.

Nchini Kenya utaratibu kama huo huitwa atachimenti, na una nguvu ya mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani inayokusanya tozo kutoka kwa waajiri na kurudisha sehemu yake kwa wanaofundisha. Nigeria nayo ina mpango wa kitaifa wa wanafunzi kupata uzoefu wa viwandani tangu mwaka 1973. Tanzania ilitoa miongozo ya taifa ya uanagenzi na ya mafunzo kazini mwaka 2017, lakini miongozo hiyo iliwalenga zaidi vijana wanaotafuta ajira kuliko mwanafunzi ambaye bado yuko masomoni.

Tatizo gumu kuliko yote limebaki kwenye upimaji, na linaonekana vizuri zaidi katika daftari la kumbukumbu la mwanafunzi. Kila ukurasa una tarehe, nafasi ya kuandika kazi ya siku, na chini mstari wa saini ya msimamizi pamoja na mhuri. Msimamizi wa kazini anaijua kazi lakini hana sababu ya kuijua hisabati, kwa hiyo husaini kwamba mwanafunzi alifika mapema, alikuwa mtiifu na aliingiza takwimu bila makosa. Mhadhiri anaijua hisabati lakini hufika mara moja, kwa saa moja, akiwa na wanafunzi wengine wa kuwatembelea kutoka Kurasini hadi Tegeta siku hiyohiyo. Katikati yao huponyoka kitu chenyewe kilichotakiwa kupimwa, yaani kama mwanafunzi aliliona tatizo la kihisabati ndani ya kazi, akalitamka kwa alama, akalitatua, na akarudi kumweleza mwenye kazi jibu lake kwa lugha inayoeleweka. Mhandisi hana shida hiyo, kwa kuwa msimamizi wake kiwandani naye ni mhandisi, na mwalimu mtarajiwa hana shida hiyo, kwa kuwa anayemsimamia shuleni ni mwalimu. Mwanahisabati pekee ndiye anayesimamiwa na mtu wa taaluma nyingine, na krediti inayotolewa kwa msingi wa mahudhurio hulipia nidhamu peke yake, ambayo ni kitu kizuri lakini sicho kilichoandikwa katika jina la kozi.

Mwaka 2021 serikali ilianza mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana kama HEET, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na mojawapo ya kazi zake ni kuhuisha mitaala ya vyuo vikuu vya umma kwa kushirikiana na kamati za ushauri za waajiri. Hii ni nafasi ambayo idara za hisabati hazijawahi kuwa nayo, na kinachopaswa kupewa kipaumbele ni namna ya kupima, kabla ya idadi ya majuma. Ripoti ya fildi ya mwanahisabati ingeweza kutakiwa kuwa na tatizo moja lililotoka kazini, data zake, modeli yake, yaani maelezo ya tatizo hilo kwa milinganyo, na barua ya mwajiri inayosema jibu lilitumika wapi au kwa nini halikutumika. Mfano wa upimaji wa namna hiyo hauko mbali: katika chuo cha TEHAMA cha VETA kilichopo Kipawa, kama ilivyo katika vyuo vya ufundi kwa jumla, mwanafunzi hupimwa kwa orodha ya ujuzi, kila ujuzi ukithibitishwa peke yake na mtu anayeujua, na asiyeufikia hurudia huohuo bila ya kurudia mwaka.